Wimbo Ambao Mama Dorothée Alikataa Kuzikwa Nao

Marehemu Dorothée Apendeki, Mama Gentille, tunamzika leo Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024 hapa Baraka, na ni mara ya kwanza anafika kwenye maziko bila kufuatwa na pikipiki. Wote mliosimama hapa mnamjua, au mnadhani mnamjua. Sauti yake mnayo kwenye simu zenu, na wengine inalia kila mtu akiwapigia. Mimi Immaculée, mdogo wake wa tumbo moja, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nimeiomba familia iniache niyasome yote, hata yale ambayo kwaya haitayapenda. Wenye haraka wavumilie. Yeye aliwavumilia sana.

Dada yetu alizaliwa tarehe 6 Mei 1962 huko Ubwari, upande ule unaotazama Baraka ng'ambo ya maji, mtoto wa kwanza wa mzee wetu Etabo, mvuvi, na mama yetu Dorika. Muziki wake wa kwanza haukuwa na maneno. Wavuvi wa kwetu walikuwa wakipiga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili samaki wakimbilie wavuni, na yeye, mtoto wa kukaa mgongoni bado, alikuwa anatikisa kichwa kila wakigonga. Mama alisema kwamba bila kelele ile mtoto hakulala. Siku ambazo ziwa lilichafuka na watu hawakutoka, ilimbidi Mama agonge sufuria mpaka mtoto asinzie.

Shule ya msingi aliisoma huko huko Ubwari, kisha mwaka 1975 akapelekwa Nundu kwa shangazi yetu ili aendelee na sekondari. Huko Nundu ndipo magitaa yalimkamata. Mwalimu mmoja alikuwa na redio, aliiweka dirishani jioni, na wasichana wote walipata sababu ya kwenda kuchota maji. Yaya, ndivyo nilivyomwita dada yangu, alijua nyimbo zile za Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho wala hakuelewa hata robo yake. Siku moja mama msimamizi wa wasichana alimkuta kwenye bomba anacheza, ndoo ya maji iko kichwani, viuno vinafanya kazi yake na maji hayamwagiki hata tone. Msimamizi hakujua acheke au achape. Akamwambia, "Kama uko na nguvu hivyo, kesho asubuhi utatuanzishia wimbo wa ibada." Akauanzisha. Shule nzima ilinyamaza kumsikiliza, hata wakasahau kuitikia. Tangu siku hiyo kila ibada waliita jina lake, na ile adhabu haikuisha mpaka anakufa.

Alipotoka shule alifundisha darasa la kwanza, Nundu na baadaye Baraka. Watoto wake walijua kuhesabu kwa kuimba. Wako wanaume wazima hapa, wengine na mvi, ambao mpaka leo wakihesabu makreti midomo inachezacheza. Msijifiche, nawaona.

Tarehe 17 Julai 1982 alifunga ndoa na Papa Déogratias Wilondja, seremala na shemasi wa kanisa. Papa Déo alikuwa mtu mwema sana na mgumu sana. Nyumbani kwake miziki ya dunia haikuingia. Redio ilifunguliwa saa ya habari, ikafungwa kabla mpiga gitaa hajakohoa. Watu walidhani Yaya aliteseka. Mimi pia nilidhani hivyo, nikaenda nikamuuliza. Akaniambia, "Hapana, mdogo wangu. Mi nazipenda za kanisa kweli. Zimekuja zikanikuta." Sauti nne zinapofungana, alisema, ni kama mtu anakufunika blanketi. Alibadilika kweli, hakujifanya. Na Papa Déo mwenyewe, siku moja Yaya alimnyemelea kwenye karakana akamkuta anapiga randa kwenye ubao kwa mwendo wa rumba, shingo inakwenda mbele na nyuma. Alipomwona mkewe akaanza kukohoa. Yaya alikicheka kile kikohozi mpaka siku ya kumzika mumewe, mwaka 2015, na alicheka kaburini, mkamsema. Sasa mnajua alikuwa anacheka nini.

Mungu aliwapa watoto watatu: Gentille, Bertin, na Jérémie.

Mwaka 1996 vita vilipotufikia tulivuka ziwa usiku na mchana, kila mtu na alichoshika, tukafika Tanzania, tukawekwa kambini mkoa wa Kigoma. Huko, tarehe 3 Februari 1998, Jérémie alikufa kwa kuhara. Alikuwa na miaka sita. Hatukuwa na ubao wa jeneza, na baba yake seremala alisimama pale mikono mitupu. Udongo ulipoanza kuingia Yaya akaimba kitu ambacho hakuna mtu aliwahi kukisikia. Hakukitunga, kilimtoka tu. "Baba, umshike mkono, maji haya ni marefu. Jérémie ametangulia, hajui kuogelea." Mnaujua. Lakini sikilizeni vizuri: mnaujua bila jina.

Kwa sababu kwaya yetu ya kambini iliusikia, ikaomba kuuimba, na Yaya akakubali, maana wakati ule kuuimba kulimsaidia kupumua. Walipokwenda kurekodi kaseti waliona jina la mtoto mmoja linaufunga wimbo. Wakalitoa Jérémie, wakaacha nafasi. Na kwenye kila kilio wakaanza kuitia nafasi ile jina la marehemu wa siku hiyo. Baba, umshike mkono, Alphonse ametangulia. Baba, umshike mkono, Rosette ametangulia. Kaseti ikatoka kambi kwenda kambi, ikavuka ziwa kabla yetu. Tuliporudi Baraka mwaka 2008, mashua ilipogusa mchanga, spika kwenye kibanda cha pwani ilikuwa inaimba. Ilikuwa sauti yake. Watu wakamkimbilia, wakamkumbatia, wakalia. Yeye akaniminya mkono, akasema, "Immaculée, iko inaningojea huku."

Sasa niseme ile desturi, kwa ajili ya wageni waliotoka mbali. Huku kwetu wimbo wa kilio una mwenyewe. Kama mwenye wimbo yuko hai na anafikika, hauanzishwi na mtu mwingine. Anaitwa, anafika, anauinua, ndipo maiti inashushwa. Ni heshima nzuri. Nani aliitunga sijui, lakini hakufikiria mwanamke mmoja mwenye wimbo ambao kila familia inautaka, kutoka Mboko mpaka Kazimia.

Yaya aliporudi aliacha kufundisha, akawa anakausha na kuuza ndagala. Mnajua kazi ile: samaki wako kwenye mchanga, wingu likitokea unakusanya mbio, la sivyo umekwisha. Pikipiki ilikuja wakati wowote. "Mama Gentille, maiti iko inakungojea." Angesema nini? Jamani, niambieni, angesema nini? Ukikataa kwenda kwenye kilio cha mtu, kesho utaitwa nani? Hata akiwa hamjui marehemu, hata akiwa na homa, alifunga kitenge akapanda. Mara ngapi mvua ilimlowanishia ndagala yote akiwa kaburini kwa watu! Nilimwambia, "Sema hauna sauti." Akajibu, "Nilisema. Banasema, utaipata kule kule."

Na haikutosha kuimba. Ilibidi alie. Siku macho yake yalipobaki makavu, kilio cha mama mmoja tajiri pale karibu na soko, walirudi wanasema Mama Gentille ameota kiburi, wimbo umempa kichwa. Kuanzia hapo alikuwa akifika kwenye ile nafasi, kabla ya kutia jina la marehemu, anasema Jérémie moyoni kwanza, na machozi yanatoka yenyewe. Hivi ndivyo alivyowapa machozi mliyoyataka. Kila mlipozika mtu wenu, yeye alimzika mtoto wake, halafu akapanda pikipiki kurudi kuangalia samaki.

Msidhani hakujaribu kutoka. Alitunga nyimbo nyingine, na zilikuwa nzuri, ninazijua zote. Kwenye kilio cha jirani yetu mmoja, mwaka 2013, alisimama akaanza mpya. Ilikuwa na furaha ndani yake, inakwenda taratibu na mwisho inapanda. Watu walimwangalia tu. Hakuna aliyeitikia. Alipofika ubeti wa pili mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama, utupe ile yetu!" Ile yetu. Akaimeza ile mpya, akawapa ile yenu. Tulipofika mlangoni akaniambia. "Ile wimbo ni boloko yangu, Immaculée. Nilijenga mi mwenyewe, na kifunguo iko ku bantu." Boloko, yaani jela, na ufunguo wake mikononi mwa watu. Hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Papa Déo alipokwisha kufariki, Gentille alimletea mama yake simu yenye kadi, imejaa magitaa yale yale ya Nundu, akijua mama atafurahi. Tulikaa uani, tukawasha. Mimi mabega yalianza kuondoka yenyewe. Yaya akasikiliza nyimbo mbili, uso umetulia kama mtu anayemsikiliza mgeni kwa adabu, kisha akazima.

"Hauzipendi tena?" nikamuuliza.

"Ni nzuri. Lakini kumbe mi nilikuwa napenda miguu yangu," akasema. "Ile miguu ya wakati ule. Muziki ilikuwa inapita tu mule."

Tukacheka, halafu nikaona hacheki. Akaniambia nyimbo za kwaya nazo zilikuwa zimemtoka, kila akizisikia anatazama mlango kama kuna pikipiki. Aliyekuwa halali bila kugongewa sufuria sasa alikuwa anafunga dirisha jirani akifungua redio. Nilisikitika sana siku ile. Mtu anaweza kupenda kitu leo na kesho akapenda kingine, hilo halina dhambi, lakini yeye watu walimshikilia pale pale alipokuwa mwaka 1998, na hawakutaka asogee.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 koo lilianza kuvimba na sauti ikawa inakatika. Alipimwa, akaambiwa asiimbe tena kabisa. Mimi nilikuwa nangoja nje. Akatoka anacheka, meno yote nje. "Docteur ananipa congé! Congé ya kuimba!" Alinunua mandazi akagawia watu kwenye korido. Sijawahi kuona mtu anafurahia ugonjwa namna ile.

Congé, ile likizo yake, haikufika mwisho wa mwezi. Raphaël, kiongozi wa kwaya yetu, alikuja nyumbani na huruma yake yote, maana ni mtu wa huruma, nalisema mbele yake. Akasema, "Mama, usihangaike. Sauti yako tuko nayo mu carte mémoire, ile ya kaseti, safi kabisa. We ukae tu pale mbele. Ukiinua mukono, tunapiga." Kwa hiyo desturi ikarekebishwa. Mwenye wimbo akawa anapandishwa pikipiki, anakalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya spika, anainua mkono, na sauti yake ya ujanani inatoka kwenye sanduku, inamwita Jérémie bila jina. Yeye anakaa pale na koo lake limefungwa kitambaa. Hata kunyamaza hawakumwachia.

Agosti mwaka huu hali ilizidi, tukampeleka hospitali Nundu. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa milimani, anaitwa Kabanyana, anauguza mjukuu. Najua baadhi yenu mtakunja uso, maana kati ya watu wa kwao na sisi kuna damu ya vita. Wengine tulikunja pale pale wodini. Kabanyana alikuwa anambembeleza mtoto na wimbo wa kwao, wa taratibu, sauti imekaa puani, unazunguka na kurudi ulipoanzia. Siku ya kwanza Yaya aligeuza kichwa. Siku ya pili akaniambia nimsogezee kitanda. Mtoto alipopona na kulala mwenyewe, Yaya akamwomba Kabanyana aendelee kuimba hata hivyo.

"Anaimba nini?" nilimuuliza.

"Sijue," akasema kwa ile sauti iliyobaki. "Ndiyo maana naipenda. Hakuna neno hata moja linaniomba nilie."

Nilimwona anagonga chuma cha kitanda kwa ukucha, polepole, akimfuata. Nikakumbuka mtumbwi. Katika siku zile aliniita na Gentille, akatushika mikono, akasema ile wimbo isiimbwe juu yake, wala na watu wala na spika. Kama Kabanyana atapatikana, amuimbie ile ya mtoto kulala. Kama hapatikani, mukae kimya. Akaturudisha tukaapa tena, kwa sababu alitujua, na aliwajua ninyi. Tulipoapa akatulia. Alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alfajiri, Gentille amemshika.

Jana Raphaël alikuja na programu ya mazishi. Wimbo ulikuwa umeandikwa ukurasa wa mwisho, na nafasi ile imejazwa: Dorothée ametangulia. Tulibishana mbele ya wageni, mnisamehe, nilipandisha sauti. Nikamwambia marehemu amekataa. Akasema, "Mama Immaculée, mama yangu mzazi tulimzika na ile wimbo. Ni ya betu bote sasa. Baraka nzima itatucheka, tumuzike mwenye wimbo bila wimbo?" Na alikuwa analia, si kwa kujionyesha. Nikamwambia, imbeni kesho, imbeni kila mahali, mwenye kufarijika afarijike. Juu yake, hapana. Akaondoka, na spika nimeiona leo imefika. Ndiyo ile pale, imefunikwa kitenge. Ukurasa wa mwisho mmeuona mweupe. Mashini haikukosea. Tuliufuta, mimi na Gentille.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gentille na Bertin, pamoja na wenzi wao. Wajukuu, ambao yeye peke yake aliweza kuwataja kwa mpangilio. Mimi mdogo wake. Kaka yetu aliyeko Ubwari. Wanafunzi wake wanaohesabu kwa midomo. Na Mama Kabanyana, aliyetoka Nundu na pikipiki asubuhi hii, amesimama pale nyuma kwa sababu hakuna aliyempa nafasi. Mumpe nafasi, asogee. Ametanguliwa na Papa Déo, na Jérémie. Leo nalisema jina hilo kwa sauti, lirudi mahali pake.

Raphaël, mwanangu, sikukatazi. Desturi ni yenu na mimi ni mtu wa desturi. Wimbo hauanzi mpaka mwenyewe ainue mkono. Basi toa kile kitenge, weka kidole chako kwenye spika, na umtazame yeye, si mimi. Akiinua mkono, upige. Sisi wengine tutangoja kimya, na Mama Kabanyana atamuimbia mpaka udongo ujae.

Apumzike kwa amani, na asiitwe tena.